Ombi la Kuchimbiwa Mgodi Ili Ufungwe

Kwa Bwana Mratibu,
Mradi wa Kufufua Uchumi wa Maeneo ya Zamani ya Migodi ya Makaa,
Kisangani.

Bwana Mratibu mwenye heshima,

Pokea salamu kutoka Libongo la Makala, gati letu hapa ukingoni mwa mto upande wa Simi-Simi, mitumbwi ya Yanonge na Isangi inaposhusha magunia. Mimi ni Colette Lokinda, kiongozi wa mama wanaouza makala, yaani mkaa wa kupikia. Naandika kwa unyenyekevu kulalamika kwamba mnatufufua na bado hatujafa.

1. Kosa ni la neno. Kwa Kifaransa, jiwe jeusi linalochimbwa ardhini ni charbon, na mti uliochomwa tunaopikia pondu, yaani kisamvu, ni charbon vilevile. Huko Ulaya mtu alisoma kwamba Kisangani kuna mtaa wa charbon, akatuhurumia. Tunamshukuru sana. Ila makala yetu yanatoka msituni, na jirani zetu wote wanajua hivyo.

2. Mtaalamu wenu, Bwana Sadrack, alikuja kutafuta shimo lililofungwa. Kwa kuwa hatupendi mgeni aondoke mikono mitupu, tulimwonyesha shimo la choo jipya la Mama Kadidja. Aliinama, akapiga picha, akasema: "Bon, hii shimo iko murefu, donc mugodi iko hapa." Sasa choo kimezungushiwa utepe mwekundu kama urithi wa taifa, na Mama Kadidja, mtu mzima wa heshima zake, anaomba ruhusa kwa majirani.

3. Daktari wenu alisikiliza vifua vyetu. Tulikohoa wote, maana moshi hauchagui. Akaandika kwamba sisi ni wachimbaji halisi. Dawa hakuacha.

4. Hapa ndipo moyo unaponiuma, Bwana Mratibu, na sitaficha. Bango lenu linasema kwamba kwenye libongo hili itajengwa Nyumba ya Kumbukumbu ya Mchimbaji, na sisi tuhamie nyuma ya uwanja wa zamani wa ndege. Mtumbwi haufiki kule. Gunia halina miguu. Mwenzetu Nadège anasomesha watoto kwa vile vifungu vidogo vya makala anavyopanga chini, na wateja wake wanashuka mitumbwini. Mkituondoa hapa, tutakuwa kweli eneo la zamani la makala, na mradi wenu utakuwa umesema ukweli kwa mara ya kwanza.

5. Kwa hiyo, kwa kuwa mradi hauwezi kuishi bila mgodi, tunaomba mtuchimbie mmoja. Nyuma ya ofisi yenu pana nafasi nzuri, pale mnapoegesha magari. Tutaingia, tutafanya kazi, tutagoma kidogo kama desturi inavyotaka. Kisha mtaufunga kwa hotuba, nasi tutalia kwa sauti yoyote mtakayopenda. Makaa yakikosekana chini, msihangaike: tutayamwaga humo sisi wenyewe, makala safi ya Isangi, ninyi myachimbue. Halafu mtufufue hukohuko, na libongo mtuachie.

Msalimie mama wa nyumbani, watoto, dereva wako, na walinzi wa lango ambao hawajawahi kuturuhusu kuingia.

Nabaki, kwa heshima ambayo haijahamishwa,

Colette Lokinda

N.B. Bwana Sadrack amepita sasa hivi. Anasema mahali pa kuuzia kwenye libongo patabaki kwa wajane wa wachimbaji peke yao. Bwana Mratibu, naomba ufute yote niliyoandika hapo juu. Mgodi ulikuwepo, tena mkubwa. Mume wangu Jean-Paul alifia humo. Yeye mwenyewe ametia sahihi hapa chini kuthibitisha, na anauliza kama marehemu anaruhusiwa kumsaidia mjane wake kubeba magunia.