Protini Yangu na Vioo vya Daktari Ou

Jumatatu, 11 Machi
Wiki yangu hii! Jumamosi madaktari wa Guangzhou nzima wanakutana, na Profesa Kuang atampandisha jukwaani mmoja tu: mimi au dada wa maabara yetu, Daktari Ou. Kila mmoja ana protini yake, eti ndiyo inayotabiri saratani ya koo itakayosambaa hadi tezi za shingo. Protini ikiwepo, kipande cha koo hugeuka kahawia kwenye darubini; ya Ou hutoa kahawia ya chai iliyochujwa mara tatu. Maskini! Mimi nimezidisha kingamwili, dawa inayoinasa protini, maradufu. Dawa ya rangi nimeiacha kwenye vioo vyenye vipande vya koo, nikaenda kula wali na bata bukini wa kuchoma. Nikaongeza sahani.

Jumanne, 12 Machi
Kahawia tupu! Uvimbe uliosambaa, usiosambaa, mpaka koo la mtu asiye na ugonjwa wowote. Protini yenye nguvu namna hii sijapata kuona. Mke wangu nimeshamwambia aalike ndugu zake.

Alhamisi, 14 Machi
Balaa. Profesa anataka kwanza kioo cha kulinganishia, kile kisichotiwa kingamwili, ambacho lazima kibaki buluu. Changu kahawia kama vingine. Ou katoka kwenda kula, trei yake wazi. Kioo kimoja buluu safi! Nimekibandika lebo yangu. Akili ni mali.

Ijumaa, 15 Machi
Profesa aliinamia darubini muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole, ule upole wake unaotisha: "Tan mwanangu, mgonjwa wako huyu anameza kwa kidole tumbo?"

Chumba kizima hoi kwa kicheko. Kumbe Ou, mchawi yule, hujaribia dawa zake kwenye kidole tumbo! Ou akasema ningeomba tu, angenipa na kioo cha koo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Profesa akasema kuna watu watapasuliwa shingo, au wataachwa, kwa neno letu sisi. Hapo hakucheka mtu. Jukwaa la Ou. Mimi nirudie vioo vyote, Ou akinisimamia.

Jumamosi, 16 Machi
Ou kahutubia, kapigiwa makofi. Baadaye kanialika chai, kaniwekea maandazi ya mvuke yaliyotiwa kamba wa baharini sahanini kwa mkono wake. Nimekula manne, kwa uchungu.

Nimelitafakari kosa langu kwa moyo mweupe, na nimelielewa. Kioo cha mwenzio kitazame kwanza kwa darubini, ndipo ukiibe. Jumatatu Ou ananiachia trei nzima ya koo nijifunzie. Maskini dada wa watu, hajui anacheza na nani.