Klachi ya Kombi na Safari ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1974. Malaba.

Siku nzito. Nimeamka na uamuzi mmoja: Amongin atarudi nyumbani Ijumaa. Mke wangu yuko kwa mama yake Angurai, wiki ya tatu sasa, tangu nilipouza ng'ombe wawili wa maziwa nikanunua Kombi, basi dogo la Kijerumani lenye injini nyuma, bila kumwuliza. Ng'ombe walikuwa wa maziwa tu. Kombi ni ya maendeleo. Hakuelewa.

Jana nilikwenda huko nikatoa ahadi mbele ya ukoo mzima. Mama mkwe wangu, Mama Euphrasia, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anatambua watu kwa sauti. Daktari wa macho anafika hospitalini Busia Ijumaa, na akiondoka harudi mpaka Septemba. Ekisa, aliyemwoa dada ya Amongin, alijitolea kumpeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe, waondoke Alhamisi wakalale njiani. Mkokoteni! Nikasema mama mkwe wa Callistus Omagor hatasafirishwa kama gunia la mtama. Saa tatu asubuhi ya Ijumaa atakuwa mlangoni pa daktari, kwa gari. Amongin akajibu, wote wakisikia, kwamba nikimfikisha mama yake atarudi nami siku hiyohiyo. Nisipomfikisha, nisikanyage tena pale.

Nimekubali. Jambo moja dogo tu. Nikirudi jana, kwenye mwinuko, injini ilipiga kelele nyingi lakini Kombi ikapanda kwa mwendo wa bibi harusi. Tena kulikuwa na harufu ya kuungua. Bila shaka ni malori yaliyopanga foleni hapa mpakani.

Jumanne, 5 Machi

Nimempitia Kariuki, fundi wa magari karibu na reli. Nilitaka anipongeze tu. Hakupongeza. Aliketi kwenye usukani, akavuta breki ya mkono hadi mwisho, akatia gia ya tatu, akaachia klachi. Injini ikaendelea kunguruma kama kawaida. Akasema gari lenye klachi nzima lingezimika papo hapo.

Nimeona hila yake. Injini isiyozimika ndiyo injini! Nilimweleza hivyo kwa upole. Yeye akazima injini, akashuka.

"Mzee, hii klachi imekwisha," akasema. "Injini inazunguka, magurudumu haisikii. Usibebe mtu nayo."

Alitaka nimwachie gari siku mbili, aagize vipuri Bungoma. Siku mbili! Watu wa ufundi wanaishi kwa kutisha watu. Nilimshukuru nikaondoka kwa heshima. Nilipoachia klachi mbele ya wateja wake, Kombi ilifikiri kwanza, ndipo ikatembea.

Jumatano, 6 Machi

Nimejitengenezea mwenyewe. Chini ya Kombi, upande wa kushoto karibu na gia, kuna waya wa klachi, na mwisho wake nati yenye masikio mawili. Mtu yeyote angeona kwamba nati hiyo imelegea. Pedali ilikuwa na mchezo wa kidole kizima, yaani ilishuka bure kabla ya kukaza. Nikazungusha masikio yale mpaka mchezo wote ukaisha. Sasa pedali imesimama wima, ngumu, ina adabu. Sikuhitaji Kariuki wala Bungoma.

Jioni nimepanga foleni nyuma ya malori ili nipeleke karatasi za mteja ofisi ya forodha, maana kazi yangu ni kupitisha mizigo ya watu mpakani. Saa moja na nusu kwa mwendo wa hatua moja moja. Mimi husimamisha Kombi mlimani kwa klachi peke yake, mguu juu ya pedali, bila kugusa breki. Madereva wa malori hawawezi hilo. Onyango, dereva wa lori la saruji, alishuka akaja kuniuliza nini kinaungua. Nikamwambia ni saruji yake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua pazia. Hapa ndipo mtu anapoonekana kama ana malezi. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe, hamgusi, hawaketi pamoja. Hata Ekisa na mkokoteni wake angetembea mbele na ng'ombe bila kugeuka mpaka Busia. Nimetundika pazia la maua nyuma ya kiti changu, zito, halipitishi hata mwanga. Mama Euphrasia ataketi kiti cha nyuma kabisa, juu ya injini, mbali nami iwezekanavyo.

Nilipita Angurai kuonyesha pazia. Nilitoa hoja kwamba, kwa sheria, hata halikuhitajika, maana miiko ni ya kuonana, naye mama haoni.

"Yeye hakuoni," Amongin akasema. "Lakini wewe unamwona."

Nikawasha gari nikaondoka. Nimemkosa mwanamke huyu kuliko ninavyoweza kusema. Nyumba inanuka masizi na sisikii sauti yoyote nikiingia.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa kando ya barabara ya Busia. Kombi iko mbele yangu. Haiendi.

Tuliondoka Angurai saa kumi na mbili unusu. Hewa safi, mvua ilinyesha usiku. Amongin aliketi nyuma pamoja na mama yake. Maneno yote ya mama mkwe yalinijia kupitia kwake, kama inavyopasa, na yangu yakarudi kwa njia hiyo. Mpaka Malaba ilikuwa safari ya heshima. Baada ya Malaba mama alimtuma Amongin aniulize kama nimebeba mkaa unaowaka. Nikajibu hapana. Akauliza tena kama kamba inaungua. Nikajibu ni mashamba ya watu.

Kisha mwinuko baada ya daraja. Niliongeza mafuta. Injini ililia mpaka vioo vikatetemeka, na mti mmoja uliokuwa kando yangu ukakaa kando yangu. Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma ya pazia, taratibu kabisa.

"Amongin, mwambie mume wako injini inakimbia lakini sisi hatukimbii."

Mwanamke asiyeona, aliyekaa juu ya injini, alijua. Amongin hakunirudishia maneno hayo. Hakukuwa na haja.

Nilijaribu gia ya kwanza. Nikajaribu kurudi nyuma. Moshi ukatoka chini, kisha hata kelele haikusaidia tena. Saa mbili na robo, maili nne bado. Kusukuma hakukuwezekana: mama mkwe asukume gari la mkwe wake? Waliposhuka nililazimika kwenda kusimama mbele ya Kombi, uso kwenye nyasi, ili nisimwone. Basi lilipita limejaa. Amongin akamsimamisha mtu wa baiskeli, mmoja wa wale wanaovusha abiria mpakani, akampandisha mama yake kwenye kiti cha nyuma. Yeye mwenyewe akavua viatu akakimbia kando, mkono mgongoni mwa mama yake.

Mimi bado nilikuwa nimetazama nyasi. Nilisikia nyayo zake zikienda. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 9 Machi

Ekisa amekuja na ng'ombe wake wanne. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alifunga mnyororo, akaivuta Kombi mpaka Malaba, mimi nikiwa kwenye usukani, watu wote wa foleni wakisimama.

Njiani alinipa habari alizotumiwa na Amongin kwa basi la jana jioni. Walifika saa tatu na dakika ishirini. Nesi alikuwa amefunga orodha, Amongin akamwonyesha miguu yake, nesi akafungua orodha. Mama alipasuliwa jicho moja jana hiyohiyo. Amongin anasema ahadi yangu imekufa. Lakini mama yake amemwombea mkwe: nikawachukue Jumamosi ijayo, kwa gari zima, na tuone.

Mungu ambariki mama huyo. Sijawahi kumwona vizuri lakini nampenda.

Jumanne, 12 Machi

Kariuki ameshusha injini. Boliti nne, jeki, injini ikavutwa nyuma ikalazwa juu ya tairi kuukuu. Akanitolea pleti ya klachi, ile sahani inayoshikanisha injini na gia, akaniwekea mkononi. Nyembamba kama chapati ya hoteli mbaya. Ribiti zake, vile vijisumari vya ndani, zimetokeza zikachora mitaro kwenye presha pleti, sahani ya pili inayoibana. Akauliza ni nani aliyekaza waya mpaka klachi haikuweza kushika. Nikasema labda Wajerumani. Akauliza ni nani anayepumzisha mguu juu ya pedali.

Nilishauri tubadilishe pleti peke yake, hayo mengine bado yana roho.

"Ukitaka nusu, tafuta fundi nusu," akasema.

Tumebadilisha pleti, presha pleti na beringi. Ameacha mchezo kwenye pedali. Nikaachia klachi na gia ya tatu, breki juu: ikazimika papo hapo. Nimefurahi mno kuona gari langu likizimika.

Jumamosi, 16 Machi

Nimewatoa Busia. Mwinuko ule tuliupanda kama fahali! Mama Euphrasia, jicho moja wazi na miwani minene, alihesabu malori barabarani kwa sauti, na Amongin akacheka. Nilimsikia akicheka. Alikuwa amekubali kurudi nami Malaba baada ya kumfikisha mama Angurai.

Kisha kwenye mteremko nilikanyaga breki. Chuma kikalia juu ya chuma. Nikakanyaga tena, kikalia zaidi. Mama mkwe akamtuma Amongin aniulize ni nini kinaliwa kule chini. Nikarudisha jibu kwamba ni vumbi la kiangazi. Akarudisha kwamba mvua imenyesha wiki nzima, naye sasa anaona.

Tulipofika Angurai, Amongin alishusha mzigo wa mama yake, kisha akashusha na wake. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, kwamba atarudi siku ile hatasikia tena kelele hiyo.

Nimewaza njia nzima. Kariuki atataka kufungua magurudumu yote manne, siku mbili tena. Hakuna haja. Onyango anajua anayeuza honi za lori. Kesho nafunga moja, na kila nikikanyaga breki nitapiga honi. Hatasikia kitu.