Bahari ya Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi

Tangu nizaliwe sijawahi kushindwa na kiumbe asiye na miguu. Nyoka nimewahi kumfukuza kwa kandambili moja. Konokono nimewapita mara nyingi tu, tena nikiwa na homa. Shule niliacha kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Walisema wenyewe, ingawa kwa maneno mengine. Kwa hiyo lililotokea asubuhi hii si bahati mbaya. Ni hujuma!

Samaki wanne wamekufa. Wanne kwa mpigo! Mapacha wa buluu, Limau yule wa njano, na yule mdogo mwenye madoadoa ambaye sikumpa jina, nilisema ngoja kwanza tuone tabia yake. Wote tumbo juu, kwenye tangi la maji ya chumvi ambalo Shemeji alilijenga kwa mikono yake, kioo kwa kioo. Shemeji ni fundi vioo. Wiki ya tatu sasa yuko mji mwingine anafunga madirisha ya ghorofa. Anarudi Jumapili. Aliniachia bahari nzima hapa sebuleni na ahadi moja: nikiitunza vizuri, ananichukua karakanani kwake nikawe fundi. Niachane na kochi hili la dada yangu, ambalo nimelilalia mpaka limechukua umbo langu.

Amebaki mmoja. Meneja. Rangi ya chungwa, mistari mieupe, uso wa mtu anayesubiri maelezo.

Dada kasimamisha cherehani, kaja kutazama, kasema tumpigie mume wake sasa hivi. Nikamwambia mambo ya wanaume hayamalizwi kwa simu. Akauliza maagizo yalisemaje. Maagizo gani? Sikuachiwa maagizo! Niliachiwa kikaratasi cha kunisifu, kimebandikwa kwenye kioo, basi. Nilikibandua siku ileile kwa sababu kilikuwa kinaharibu picha yangu na Limau. Picha ilitoka safi sana. Upande wangu hasa.

Washukiwa ninao watatu. Paka wa jirani, ambaye ana macho ya mtu aliyewahi kufungwa. Cherehani ya Dada, inayotetemesha ukuta mchana kutwa. Na Profesa, mpwa wangu, miaka tisa, miwani, mdomo kama wembe. Huyo kaja, kawahesabu maiti, kaniambia pole Mjomba, ila ungekuwa daktari tungehama mji.

Nimewazika wanne kwenye chungu cha maua. Nina hasira mpaka kisogo kinapwita.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza siku kwa kuongeza maji. Kazi hii siiruki hata nikiumwa. Kila asubuhi maji ya tangi yanakuwa yamepungua kidogo, nami najaza mpaka kwenye alama kwa maji ya ndoo nyeupe, ile yenye chumvi ya bahari. Aliyoyachanganya Shemeji yaliisha wiki ya kwanza. Tangu hapo nachanganya mwenyewe, na naongeza konzi moja ya ziada, kwa upendo. Bahari isiyokolea si bahari, ni bwawa! Hata ile chumvi inayoganda nyeupe ukingoni mwa kioo naikwangua kwa kisu na kuirudisha ndani. Mimi si mtu wa kupoteza mali ya watu. Kuna na ndoo ya buluu, ya maji matupu tu. Sijui ya nini. Nanawia uso.

Kisha nikaenda kwa Muuza Samaki, yule wa duka la samaki wa mapambo. Mzee mwenye miwani ya kamba na dharau ya bure. Nilikwenda kumshitaki kwa kutuuzia samaki walegevu. Akauliza naongeza maji gani. Nikamjibu nimekuja kuuliza, si kuulizwa. Akasema basi lete maji ya tangi nipime. Nilikuwa nayo! Nilijiandaa! Nikamtolea chupa. Akaishika juu kwenye mwanga, akainusa, akauliza bahari yetu sisi ina nanasi tangu lini.

Chupa ilikuwa ya sharubati. Nilisahau kuisuuza. Wateja wawili walicheka, mmoja akakohoa mpaka akapewa kiti. Nimetoka bila kuaga. Duka lile lina laana.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kapiga simu asubuhi. Anataka leo jioni tuzungumze kwa video awaone samaki. Kawakumbuka. Mtu mzima, fundi, anakumbuka samaki!

Akili yangu ikafanya kazi kama mashine mpya. Profesa ana samaki wanne wa plastiki wa kuchezea kwenye beseni. Uzi upo, nyumba hii ni ya fundi cherehani. Nikawafunga uzi, nikawaning'iniza tangini kwa kijiti, na Profesa akajificha nyuma ya tangi kuwachezesha. Malipo yake: namwoshea vyombo zamu yake wiki nzima. Nilikubali. Mtoto huyu atakuja kuwa hakimu au jambazi.

Saa kumi na mbili tukaanza. Nikaishika simu mbali na kuitikisatikisa, ili nisingizie mtandao. Mambo yakaenda vizuri sana! Shemeji akasema wanaonekana wamenona. Nikasema kwangu hawali, wanakula na kusaza. Kisha akauliza mbona Limau anaogelea kinyumenyume. Nikasema anafanya mazoezi. Akauliza mbona mmoja wa Mapacha ana filimbi tumboni. Kabla sijajibu Profesa akapiga chafya, kijiti kikateleza, na ukoo mzima ukaruka nje ya maji kwa pamoja.

Nikakata simu. Nimemtumia ujumbe kwamba umeme umekatika. Akajibu kwa neno moja: Sawa.

Neno hilo silipendi. Nimelisoma mara kumi. Lina meno.

Alhamisi, 7 Machi

Meneja anaumwa. Kalala ubavu nyuma ya jiwe, anahema kama mpanda ngazi. Chakula nimemwekea mdomoni kabisa, kakitazama tu kinapita.

Mteja wa Dada alikuwa amesimama katikati ya sebule na pini kiunoni, anapimwa gauni. Akauliza kama yule samaki amelala. Nikamwambia anatafakari. Akasema marehemu mume wake naye alianza hivyohivyo. Kwa nini watu hawapimwi wakakaa kimya?

Profesa katoa kwenye kabati kipima chumvi cha baba yake, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maji. Kadai maji yakiwa sawa kinazama mpaka mstari wa kijani, na hiki kimesimama juu kabisa, mstari wa kijani uko hewani unatutazama. Kasema chumvi imezidi. Sikio likipita kichwa, ndiyo haya! Nikamwambia kifaa ni kibovu. Nikakichukua, nikakitikisa kumwonyesha. Kimevunjika. Nikamwambia umeona? Kizima kisingevunjika.

Dada kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba wanaokufa hapa hawana miguu. Hapo akainuka na futi yake shingoni, akanisogelea. Kasema, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha: mdogo wangu, mume wangu ameniuliza mara tatu kama una umakini wa kufanya kazi na vioo. Mara tatu nimesema ndiyo. Meneja akifa, ya nne nitasema ukweli.

Nimekaa bafuni saa nzima. Nilikuwa nafikiri. Macho yalikuwa yanatoka maji kwa sababu ya sabuni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesalitiwa! Profesa alijaza maji ya tangi kwenye chupa iliyosuuzwa (haya, na aseme tena kwamba imesuuzwa), na alipotoka shule akampelekea yule mzee wa miwani ya kamba. Karudi na jibu kwenye daftari lake la hesabu. Anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa: chumvi imezidi mno. Kila siku yanayopungua ni maji peke yake, chumvi inabaki. Mwenye tangi alitakiwa aongeze maji matupu. Yeye amekuwa akiongeza chumvi juu ya chumvi. Mzee kauliza, tena kwa heshima kabisa, kama mwenye tangi alikuwa anatunza samaki au anakausha ng'onda.

Damu imenichemka. Sasa naonekana mjinga mbele ya mtoto ambaye bado anaamini mwezi unamfuata!

Lakini nikamtazama Meneja pale nyuma ya jiwe. Naye akanitazama kwa jicho moja, lile lililobaki juu.

Nikasema haya, nimwage nusu ya tangi sasa hivi, nijaze maji ya ndoo ya buluu, tumalize. Profesa akasimama mbele ya tangi na mwiko. Mzee ameagiza pole pole: toa kikombe, tia kikombe, ngoja, rudia, leo na kesho, mchana kutwa. Ukimbadilishia ghafla, anakufa papo hapo. Mimi na pole pole hatujawahi kukaa chumba kimoja. Nimetoa vikombe thelathini na viwili. Mgongo umekuwa kama ndoana. Kila nikitaka kuharakisha, mwiko unagonga kiganja changu.

Jumamosi, 9 Machi

Vikombe. Vikombe. Vikombe! Wateja watatu wa Dada wameuliza kama ninafanya kafara. Paka wa jirani kakaa dirishani mchana kutwa, anacheka kwa masharubu.

Saa tisa alasiri Meneja kasimama wima. Saa kumi katoka nyuma ya jiwe. Saa kumi na nusu kala punje moja. Nikapiga kelele mpaka Dada akajichoma sindano. Profesa akanipa mkono kama mtu mzima, nami nikaupokea. Kisha akanikumbusha vyombo.

Nimemwambia Meneja kwa siri kwamba yeye na mimi tumetoka mbali. Kanigeuzia mkia. Uongozi ndivyo ulivyo.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amerudi saa nne asubuhi, begi begani, vumbi la kioo bado kwenye nyusi. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Akamhesabu Meneja. Hesabu haikumchukua muda.

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye paka, cherehani na mashirika ya umeme. Hakunisubiri. Akaona kioo hakina kikaratasi, akainama, akapapasa nyuma ya stendi, akatoa ile karatasi. Ilidondokea pale siku niliyopiga picha. Kumbe ilikuwa imejaa, mbele na nyuma! Akaisoma kwa sauti. Namba tatu: kila siku maji yakipungua, jaza kutoka ndoo ya buluu, kamwe si nyeupe, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Chini ya namba tatu kapiga mistari miwili. Nne, simu ya Muuza Samaki, mzee mwema, muulize lolote. Tisa, usinawie maji ya ndoo ya buluu. Alijuaje?

Akauliza kama niliisoma. Nikasema niliisoma. Akauliza ilisema nini. Nikasema ilisema ananiamini.

Profesa akavua miwani. Shemeji akasema kwamba kioo ni kama yule samaki, hakikupi nafasi ya kuomba radhi. Asiyeweza kumaliza ukurasa hatamkaribisha kwenye kioo. Ila huyu mmoja aliyebaki, Profesa kamwambia ni mimi niliyemtoa kaburini kikombe kwa kikombe. Kwa hiyo kanipa karatasi nyingine, ya kazi ya karakanani, ndefu kuliko ile. Kesho asubuhi ananiuliza maswali. Nikijibu, tunaondoka pamoja. Nikishindwa, nabaki na kochi.

Hapa hakuna anayesoma, basi niseme. Haikuwa paka. Haikuwa cherehani, wala mzee, wala mtoto. Ile karatasi nilisoma mstari wa kwanza tu. Ulikuwa unasema: "Shemeji, nakuamini." Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hivyo. Nikaona inatosha.

Hii mpya ninayo hapa. Mstari wa kwanza unasema: "Soma mpaka mwisho."

Nimeelewa. Nimeikunja vizuri, nimeiweka mfukoni. Kesho nitamshangaza.