Gauni la Mifuko ya Plastiki

Jumatatu, 3 Juni
Wiki haijaanza vizuri, nimeshachoka. Jumba la sanaa limebakiza nafasi moja kwenye maonyesho yake. Mada: jinsia, utambulisho na mazingira. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, anaitaka pia. Anafuma mapazia kwa mifuko anayookota mtoni. Watu hulia wakiyaona. Kazi yangu imewahi kumliza mtu mmoja tu: fundi umeme, na yeye ilimpiga shoti.

Nina mpango. Gauni la plastiki, nilivae mwenyewe! Mwanamume ndani ya gauni la taka! Nani ataninyima?

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda mtoni. Matope. Harufu. Nimerudi.
Nimenunua mifuko mipya dukani, nikaipaka majivu ionekane imeteseka. Mke wangu kaniuliza tangu lini taka zinanunuliwa. Nikasema ni sanaa. Akasema basi sanaa ishuke mezani, watu wale.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe kaingia bila hodi. Mimi ndani ya gauni! Nilidhani atazirai. Wapi! Kanizunguka polepole, kasema pindo limekwenda kombo. Kisha kaniamuru nikae. Nikakaa. Likapasuka, mpaka kiunoni. Akasema sasa nimejua kwa nini wanawake hawakai ovyo.
Aibu! Lakini maneno mazito. Nimeyaweka kwenye maelezo ya kazi yangu, kama yangu.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya kuchaguliwa. Msimamizi wa jumba kauliza mifuko imetoka mto gani. Nikajibu: mito yote. Shemeji akanisogelea kama ananiweka sawa gauni begani, akabandua kibandiko cha bei, akakificha kiganjani. Heri angenitukana.
Nafasi kapewa yeye. Pale mlangoni akaniambia, “Shem, kama una nia kweli, kesho twende tukaokote wote.” Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 9 Juni
Tumekwenda. Yeye kaokota tangu asubuhi, mimi nimekaa jiweni nikitafakari mazingira. Kainama mpaka mgongo haunyooki. Bado akanishukuru kwa kumpa kampani. Mtu mwema sana.
Nimempiga picha akiwa ameinama. Mwanamke, mto, taka: mada yote imo! Nimeshaituma jumba la ng'ambo. Msanii: mimi. Wakiuliza huyo mwanamke ni nani, nitasema ni mimi pia. Utambulisho ni jambo pana.