Meneja Ameugua Mikononi Mwangu

Jumatatu, 24 Juni 1996

Baridi ya kukata masikio, lakini moyoni kwangu jua linawaka! Mzee Cornelius kaja saluni mwenyewe, kwa miguu yake. Baba yake Jovina! Nikaacha kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, nikachuchumaa, nikapiga makofi kwa heshima ya Kifipa, shikamoo baba. Mteja akabaki anajipapasa.

Mzee alikuwa na mtungi wa kioo, kaukumbatia kama padri na kikombe cha misa. Ndani yake samaki mmoja mwekundu, urefu wa kidole, mapezi marefu yanaburuzika kama shela ya bi harusi. Wanamwita beta. Kwao ni huko Asia, kwenye maji ya joto. Mashirika yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa kazi, wenzake Mzee walirudi kutoka Dar na friji na makochi. Yeye karudi na samaki. Kampa jina Meneja, kwa sababu anavimba bila sababu, kama yule bosi aliyempunguza.

Mzee na Jovina wanakwenda Mwimbi kuvuna ulezi, watarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Kasema anajua ninachokitafuta kwake, hana haja ya kuzunguka. Akimkuta Meneja mzima, milango iko wazi nije kusema neno langu. Akimkuta anaelea, jina la Jovina nisilitaje tena hata kwa bahati mbaya.

Kisha akaeleza mambo mengi sana kuhusu maji. Nakumbuka “vuguvugu”. Nakumbuka “polepole”. Mengine yalipita, maana Jovina alikuwa mlangoni anafunga kitenge upya. Mzee akauliza kama nimeelewa. Nikamwambia baba, mimi nimefika Kapiri Mposhi kwa treni na Lubumbashi kwa lori, samaki wa chupa atanishinda nini?

Jumanne, 25 Juni

Mimi ni mtu wa akili sana. Wakati mwingine naogopa.

Nimemweka Meneja mezani katikati ya saluni, kioo kikubwa mbele, kioo kikubwa nyuma. Hajamaliza hata kuzunguka, akavimba! Mashavu wazi, mapezi yote juu, anakishambulia kioo cha mbele, anageuka, anakishambulia cha nyuma. Watu wakaanza kuingia. Kufikia mchana hakuna pa kukanyaga. Nimetangaza kwamba anayenyoa anatazama, asiyenyoa apishe mlango. Hata wenye vipara wamenyoa.

Oswaldi naye kaja. Oswaldi ni karani wa tajiri mmoja wa mahindi, ana baiskeli ya gia na kalamu mbili za mfukoni, na Jumapili husoma somo kanisani kwa sauti ya redio. Naye anamtaka Jovina, anadhani sijui. Kamtazama samaki, kanitazama mimi, akasema mbona mgeni wako kakonda? Hapa kwetu mgeni analala na njaa siku hizi?

Maneno yakanichoma. Mimi mgeni wangu akonde? Nikamkatia ugali wa ulezi, tonge zima. Akaukwepa. Nikasema aibu ya ugenini hiyo, nikamwongezea jingine, nikamwachia ajisikie nyumbani.

Jumatano, 26 Juni

Maji yamekuwa uji. Harufu imewakimbiza wateja kabla sijawafunga shuka shingoni.

Hakuna tatizo. Nikamwaga yote, nikasugua mtungi kwa sabuni ya mche mpaka ukalia, nikajaza maji safi ya bomba. Ya asubuhi! Vidole vyangu vilikufa ganzi. Nikamrudisha Meneja mara moja, asichelewe kufurahi.

Alizama moja kwa moja kama kijiko.

Nikasema anapumzika. Jioni bado anapumzika.

Alhamisi, 27 Juni

Hapumziki. Anaumwa. Mapezi yamejikunja kama mwavuli uliofungwa, na mwili mzima umetoka vidoa vyeupe, utadhani kanyunyiziwa chumvi. Anajisugua kwenye kioo kama ng'ombe mwenye kupe.

Neno ng'ombe likanipa wazo. Nikamkimbilia Ndalahwa, Msukuma mwenye kundi kubwa pale bondeni, mtu wa sindano na dawa za mifugo. Nikamwomba dozi ya mgonjwa wangu. Akauliza mgonjwa ana kilo ngapi. Nikamwonyesha kidole. Ndalahwa akacheka mpaka ikabidi ashike pembe ya dume lake. Akawaita na wanawe waje kucheka. Dawa hakunipa. Alisema sindano yenyewe ni kubwa kuliko mgonjwa.

Nimepaka mtungi dawa ya kuchua, kwa nje. Mimi mwenyewe kifua kimefunguka vizuri sana. Meneja hakuna badiliko.

Oswaldi kapita na baiskeli, kapiga kengele, kauliza msiba lini ili atafute nafasi. Nikamwambia Meneja anaota jua. Akatazama mawingu.

Ijumaa, 28 Juni

Nimefikiri kama mtu aliyesafiri. Huyu ni mtu wa joto, kaletwa Ufipa mwezi wa sita. Nani hapa mjini ana moto usiozimika? Shangazi yangu Bertilla, mpika kimpumu, pombe yetu ya ulezi! Nikambeba Meneja mpaka kilabuni, nikamweka karibu na mafiga. Shangazi akasema mwanangu, watu huleta kiti, wewe umeleta samaki? Lakini akampisha.

Nikatoka kidogo tu kutafuta kuni. Kumbe niliuacha mtungi kwenye duara la wanywaji! Na kimpumu kinanywewa kwa mrija, chungu kikipungua kinaongezwa maji ya moto, na mtu mwenye adabu haachi chungu cha jirani kipoe. Mzee Felisiani, ambaye macho yake yalikuwa yamelala tangu saa nne asubuhi, kaona chungu cha mgeni kimekaa pale, hakitoi moshi, hakina hata mrija. Kamhurumia. Kainua birika akammiminia.

Nilipiga yowe lililosimamisha pombe. Meneja aliruka! Akazunguka mtungi mara kadhaa kwa nguvu ambayo hajawa nayo tangu Jumanne, kisha akarudi chini na kulala kiubavu. Mzee Felisiani akanituliza, akasema mimi nilidhani ni chungu cha mwalimu, walimu ndio huja na vyombo vyao.

Nimeufunika mtungi kwa blanketi na kuusukuma chini ya kitanda changu. Siwezi kutazama. Nimejaribu kukaa bila kusema jina la Jovina, nione inakuwaje. Sikufika hata mlangoni.

Jumamosi, 29 Juni

Mtu mzima halii. Anatafuta Meneja mwingine.

Alfajiri nimeshuka kijitoni na kikapu. Nikapata samaki mmoja, mdogo, mweusi, mkaidi. Nikampaka rangi ya kucha nyekundu niliyoazima kwa jirani. Mapezi nikamwongezea kwa utepe wa zawadi. Nikamweka kwenye chupa kubwa ya kioo, mbele ya saluni, nikasimama mbali kidogo. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, ni Meneja mtupu.

Mchana nageuka, nani yuko mlangoni? Jovina! Kashuka na basi la Mwimbi, magunia yamepungua, kaja kuchukua mengine. Kabla hajanisalimia kainama kumsalimia Meneja.

Akainama muda mrefu.

Akaniuliza Meneja ameota masharubu lini.

Nilikuwa nimeokota kambare! Nikasema ni baridi, Jovina, baridi ya huku inazeesha. Wakati huohuo utepe ukaachia, ukapanda juu peke yake. Sote wawili tukautazama. Akasema kwa sauti ya chini, Tadei, samaki wa baba yuko wapi?

Nikauvuta mtungi kutoka chini ya kitanda. Nilitaka kueleza habari za Felisiani, za Ndalahwa, za sabuni. Machozi ndiyo yalitoka, ya mtu aliyefika Lubumbashi! Nikasema nimekuulia mnyama wa baba yako, na sasa nimekupoteza na wewe.

Jovina alikuwa ameweka uso kwenye kioo. Akasema anapumua huyu. Acha kulia, weka maji motoni. Na huyo kambare maskini mfute rangi umrudishe kwao.

Jumapili, 30 Juni

Sijaenda misa. Tuko jikoni kwa shangazi Bertilla, Jovina anaamrisha kama afisa wa forodha pale Tunduma.

Maji yachemshwe, yaachwe yapoe mpaka upande wa ndani wa mkono usihisi moto wala baridi. Chumvi kidogo, iyeyushwe pembeni kwanza. Maji ya zamani yapunguzwe robo, mapya yaingie kwa kikombe, taratibu, maana samaki hapendi kushtuliwa. Hakuna ugali! Mtungi usimame ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na kazi yangu ni beseni lisipoe. Ufunikwe kitenge, Meneja apate giza.

Nikamwuliza kayajua wapi haya. Kasema baba aliyaeleza yote saluni kwako Jumatatu, nikiwa nimesimama mlangoni. Ulikuwa unatikisa kichwa kama mjusi.

Vile vioo ndivyo vilivyomkasirisha zaidi. Meneja akiona sura yake anadhani ni adui. Nilimweka katikati ya maadui wasiokuwepo, akapigana nao mchana kutwa mpaka akaishiwa. Ndipo maji mabovu na baridi vikamkuta hana nguvu. Nikamwambia hata mimi kuna siku nakuwa hivyo. Alitabasamu. Karibu atabasamu. Pembe moja ya mdomo.

Akaniuliza kwa nini sikumtumia mtu Mwimbi, basi linakwenda kila siku. Nikasema sikutaka wapate wasiwasi. Akasema hapana Tadei, hukutaka uonekane umeshindwa. Shangazi, ambaye hakuulizwa, akasema ndivyo alivyo tangu ananyonya.

Magunia Jovina kayapeleka kwa konda wa basi, pamoja na ujumbe wa mdomo kwa baba yake. Sikuuliza ujumbe gani. Nilikuwa na beseni.

Jumanne, 2 Julai

Vidoa vinapungua! Saluni nimefunga, beseni siliachi, mikono imekuwa laini kama ya hakimu. Mchana Jovina kamwangushia kiluwiluwi cha mbu. Meneja kakitazama. Mimi nimekitazama. Shangazi kakitazama na mwiko mkononi. Chap! Kakila!

Nilirukaruka mpaka wanywaji wakaja kuuliza kama serikali imepunguza kodi. Mzee Felisiani alifurahi kuliko wote. Kasema ni yale maji yake ya Ijumaa.

Alhamisi, 4 Julai

Mzee Cornelius kafika. Meneja kasimama katikati ya mtungi, mapezi wazi, mwekundu kama pilipili. Pezi moja tu limechanika ncha.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia baba, palikuwa na kiugonjwa kidogo, nikakigundua mapema, nikakitibu kwa elimu ya kimataifa. Chumvi, baba! Mzee akauliza kwa upole, chumvi kiasi gani? Nikasema kilo. Jovina akapaliwa na mate. Mzee akauliza, na kambare hajambo?

Konda! Ujumbe wa mdomo! Jovina alikuwa kamweleza kila kitu, mpaka utepe.

Nilichuchumaa pale pale, nikapiga makofi. Mzee akamzungusha Meneja kwenye mwanga. Kisha akasema binti yake, alipompokea, kamweleza pia kwamba sikuliacha beseni lile, na kwamba nililia. Akasema yule meneja wa Dar alipunguza watu mia na hakulia hata kwa mmoja. Basi. Jumapili wazee wako waje, tuzungumze.

Jumapili! Nilimkumbatia mzee, jambo ambalo halifanywi.

Jovina akanisindikiza mpaka njiani. Kasema yeye hana neno, jibu lake ninalo. Sharti moja tu: nisibuni kitu. Nimlete baba yangu mdogo Yonas kutoka Kaengesa, pamoja na shangazi, waseme maneno mafupi ya kawaida. Nisiongeze chochote juu. Nikaapa.

Jumamosi, 6 Julai

Nimetimiza sharti. Nimeboresha kidogo tu.

Baba mdogo Yonas ni mtu mwema, lakini ana kigugumizi, huvaa viatu vya mpira hata kwenye harusi, na akiona ng'ombe wa mtu husahau alichotumwa. Kweli niache maisha yangu kwenye mdomo ule? Nimemwambia apumzike. Na shangazi ana pombe ya kuangalia.

Ninayemtuma kesho anaongea kama redio, anajulikana kanisani, ana kalamu mbili. Oswaldi! Kaja mwenyewe jana, kanipa mkono, kasema tusahau yaliyopita, kama sina mshenga yeye yuko tayari. Roho nzuri kiasi hicho, na mimi nilikuwa namfikiria vibaya! Machozi karibu yanitoke mara ya pili.

Kauliza kwa makini Jovina anapenda nini, na Mzee huchangamkia mazungumzo gani. Nimemweleza yote, hatua kwa hatua, na habari za samaki pia, vuguvugu na chumvi. Kasema ni heri aende peke yake, watu wengi huharibu mazungumzo. Nimemwazima koti langu la Lubumbashi. Zawadi nilizoandaa nimempa azibebe.

Jioni nimemnyoa mwenyewe, bure, nikampaka na mafuta. Alipojitazama kwenye kioo akacheka. Nami nikacheka. Kapendeza jamani, utadhani bwana harusi.