Sufuria la Bimdogo na Betri ya Marehemu Baba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimestuka! Nimepita kwa Limbu, fundi anayeyeyusha vyuma chakavu na kusubu masufuria nyuma ya gereji hapa Mtendeni. Ndani ya tanuri: pistoni, rejeta, koki za bomba na, Mungu wangu, mabamba ya betri ya gari! Hiyo ni risasi, madini yanayoharibu ubongo na figo. Nikamweleza kwa hoja tatu. Akajibu kwamba moto unaua kila kitu. Nikamuuliza kama risasi ni mdudu. Akasema msomi ni mimi, nimweleze mimi.

Baya zaidi: ni sufuria la Limbu ambamo Bimdogo, muuza mihogo, huchemshia ukwaju wa kulia mihogo hiyo, asubuhi hadi jioni. Uchachu hung'oa madini! Na dada yangu Apolinaria, mjamzito wa miezi saba, hapitishi siku bila mabakuli mawili. Risasi humfikia mtoto tumboni. Nimemkataza. Amesema nikambebee kwanza hiyo mimba, ndipo nimchagulie chakula.

Jumanne, 8 Julai

Mapambano yameanza. Nimeazima kipaza sauti cha kwaya, nikakiunga na betri ya marehemu baba iliyokuwa uvunguni. Nikasimama mbele ya meza ya Bimdogo. Shikamoo kwanza, mwanamapinduzi si mshenzi. Kisha: "Wananchi wa Mtendeni! Hadi lini tutalishwa mauti kwa kijiko?"

Umati ukafurika. Wakadhani natangaza biashara! Mihogo ikaisha saa sita mchana. Bimdogo akaniita mwanangu, akauliza kama kesho nina nafasi. Nilighadhibika. Nikala sahani aliyonipa, kwa ghadhabu.

Yaser, jirani anayesomea ufamasia, hakuhutubia mtu. Alimnong'oneza tu dada aache ukwaju na amweleze mkunga. Dada akamsikiliza! Tangu lini kunong'ona kukawa harakati?

Betri ikafa katikati ya sentensi yangu bora. Nzito kama jiwe la kaburi. Nikaiacha kwa Limbu, kando ya tanuri, anitunzie.

Alhamisi, 10 Julai

Ushindi! Bimdogo amelitupa sufuria kuukuu. Amesema makelele yangu yanamuumiza kichwa, bora anunue jipya. Linang'aa kama kioo! Nikamwita dada mbele ya watu, nikamtekea ukwaju kwa mkono wangu, ishara ya maridhiano. Akanywa bakuli. Akaomba la pili. Nikamtekea tena.

Kisha nikaenda kuchukua betri. Hakuna betri! Limbu akastaajabu. Akanieleza kwamba kinachowekwa kando ya tanuri lake kimeletwa kuyeyushwa. Ndivyo ilivyo tangu enzi za baba yake. Alidhani hatimaye nimekuja upande wake, hata akaniombea dua. Nikamuuliza imekwenda wapi. Akanyoosha kidole kuelekea meza ya Bimdogo.

Nimeketi chini. Mabakuli mawili. Niliteka mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Dada ametoka kliniki. Mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri, asante Mungu. Damu imepelekwa maabara ya mbali. Majibu baada ya wiki mbili. Ameniambia nisimsogelee na kijiko. Hakucheka.

Yaser amempelekea Bimdogo sufuria la stili la mama yake. Lile jipya amelitoboa kwa msumari lisipikiwe tena. Bimdogo amekubali, amemwita mwanangu pia. Bila hotuba hata moja! Nani atakumbuka tukio la namna hiyo?

Jumapili, 13 Julai

Nimesali. Nimejihoji bila huruma, kama inavyompasa mtu aliyesoma. Kosa nimelipata: sauti ilikuwa ndogo.

Jumatano nitahutubia upya, kwa vipaza sauti viwili. Mjomba Eliya wa Usoke amenipa betri ya trekta. Uzito wake hauelezeki! Kuibeba hadi nyumbani nimeshindwa, nimeishusha kwa Limbu. Safari hii nimemwonya kwa ukali kuhusu risasi iliyomo, tena kwa hoja tano.

Amenisikiliza kwa heshima zote. Ameniahidi kwamba ataongeza moto.