Kurugenzi ya Uaminifu Yazidiwa na Mtu Mmoja

Wapenzi wa mpira wa kikapu, wazazi, wahitimu wa zamani, na nyinyi mnaoshangilia kwa kugonga sufuria ingawa mmekatazwa: Chuo Kikuu cha Harlan Fork, Indiana, kina furaha isiyo kifani kutangaza kuzaliwa kwa Kurugenzi ya Uaminifu wa Kudumu. Ni ya kwanza nchini, pengine duniani. Imepewa ofisi mbili, zulia jipya, na mimi.

Mimi ni Msemaji Msaidizi. Msemaji mwenyewe alihamia chuo kingine siku ya uzinduzi.

Haja ya Kurugenzi ilionekana majira ya kuchipua, lango la uhamisho lilipofunguliwa. Lango hili halina bawabu wala komeo. Mchezaji anayetaka kuhama huandikisha jina lake, na asubuhi yake makocha wa nchi nzima wanamposa kama mwali. Lakini chuo hakiruhusiwi kumwandikisha mtu. Lazima aombe mwenyewe. Shikeni hilo, maana ndilo lililotutoa jasho.

Mwaka huu wachezaji wetu walipita langoni kwa nidhamu ya kupigiwa mfano, warefu kwa wafupi, bila kusukumana. Mfungaji wetu hodari aliaga mtandaoni akisema Harlan Fork itabaki moyoni mwake milele. Pichani alikuwa ameshavaa kofia ya wenzetu. Katika mkahawa wa Loretta Teague, ambako mji mzima hukutana mchana kuchambua kikosi cha msimu ujao, wazee walikwisha kuacha kujifunza majina. "Nasema namba nne," utawasikia. "Si huyu wa juzi, yule wa kabla yake." Idara haikulala. Majina mgongoni mwa jezi sasa yanabandikwa kwa utepe wa kunata, yabanduke bila kuchana kitambaa. Mageuzi hayo tuliyaita Utambulisho Nyumbufu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Brantley Voss, alisimama katikati ya uwanja siku ya uzinduzi, mkono kifuani. "Mchezaji ni mti!" alinguruma. "Mti hauhami!"

"Ukiwa kwenye kopo unahama, bosi," sauti ikajibu kutoka viti vya juu.

Baada ya uchunguzi wa kina, Kurugenzi ilibaini kuwa mchezaji mmoja hakuondoka. Anaitwa Orrin Teague, mtoto wa Loretta wa mkahawa. Ni mrefu kama nguzo ya umeme, na mwepesi kama hiyo hiyo nguzo. Anasomea udongo. Miaka mitatu amekaa kwenye benchi kwa uvumilivu mpaka benchi likaanza kumzoea. Chuo kimoja cha Idaho kiliwahi kumpigia simu, akawaambia kwa upole kwamba wamekosea namba, akakata.

Mkurugenzi alifurahi mno. Nikaagizwa kuandika kwamba uaminifu umefikia asilimia mia moja ya waliobaki. Niliandika. Ni kweli tupu.

Shida ilianza Kocha Rusk alipotuletea vijana wapya kumi na watano, wote wa kupita langoni. Kanuni ni kwamba kikosi kisizidi kumi na watano. Hesabu ilifanywa, ikarudiwa, ikapelekwa kwa mtaalamu. Ukimjumlisha Orrin, wanakuwa kumi na sita.

"Kwa maneno mengine," Mkurugenzi aliliambia baraza la chuo, "tuna ziada ya uaminifu. Unatuzidi kwa mtu mmoja."

Orrin akaitwa ofisini. Nilikuwepo, kwa ajili ya kumbukumbu za taifa.

"Orrin, kijana wangu, kaa."

Akakaa. Kiti kikalia.

"Hujawahi kufikiria kuhama?"

"Hapana, bosi."

"Hata kidogo? Hata ukiwa umelala?"

"Nikilala nalala, bosi."

Mkurugenzi akajaribu mlango mwingine. "Sikiliza. Kurugenzi imekuteua kuwa Balozi wa Uaminifu."

"Asante sana, bosi!"

"Ila balozi, kama ujuavyo, hufanya kazi nje."

Orrin akawaza. "Nje ya ofisi?"

"Nje ya chuo. Tuseme Dakota Kaskazini. Utawafundisha watu wa huko jinsi ulivyokataa katakata kuondoka Harlan Fork."

"Lakini nitakuwa nimeshaondoka."

"Ndiyo maana watakusikiliza."

Orrin alikuna magoti, ambayo yalikuwa karibu na masikio yake. "Bosi, samahani. Mimi nasubiri Usiku wa Wakongwe."

Hapo Mkurugenzi akalegea kidogo, maana hata yeye ana mama. Kila mchezaji anayefika mwaka wa nne, katika mechi ya mwisho ya nyumbani, hutembea na mama yake hadi katikati ya uwanja. Mama anapewa maua, mtoto anapewa jezi yake kwenye fremu, na mji mzima unasimama. Siku hizi hakuna anayefika mwaka wa nne. Msimu uliopita maua yalikuwa yameshanunuliwa, basi tukampa dereva wa basi la timu, na alilia kwelikweli.

"Mama alinunua gauni nilipokuwa mwaka wa kwanza," Orrin akaeleza. "La buluu. Sasa limembana kidogo, ameacha kula pai. Mama, bosi! Pai anazipika yeye."

Mkurugenzi alimruhusu aende, akamwita tena kesho yake. Na kesho yake. Wiki nzima ilikuwa hivyo: Orrin anakalishwa, anapewa vijitabu vya rangi vya vyuo vya mbali, anaulizwa kama haoni milima inapendeza. Kabati lake kwenye chumba cha kubadilishia likahamishiwa karibu na pipa la taulo chafu, kwa sababu za uingizaji hewa. Orrin alishukuru kwa kila kitu. Milima aliisifia udongo.

Siku ya tano mlango ukafunguka bila kubishwa. Alikuwa Loretta mwenyewe, aproni kiunoni, pai mkononi.

"We Brantley! Mwanangu kakukosea nini?"

"Hajakosea kitu, Mama Orrin. Hilo ndilo linalotupa shida."

"Watoto wa wenzangu wakiondoka mnalia. Wangu akibaki mnalia. Nyie macho yenu yana mabomba?"

"Ni suala la nafasi, mama. Ni la kitaalamu."

"Kitaalamu! Mtu unayekula ukapaka mchuzi kwenye tai, leo unanieleza utaalamu." Akaitua pai juu ya meza. "Haya, kula. Sukari nimeisahau makusudi."

Akaondoka. Mkurugenzi alionja kwa heshima. Kisha akatoa uamuzi: ikiwa Orrin hataki kuomba kuhama, basi atabaki chuoni, ila kikosini hatakuwemo. Atavaa suruali yake ya kawaida na kuitwa Mtazamaji Mwandamizi. Mtazamaji hana jezi. Asiye na jezi hana Usiku wa Wakongwe. Majina kumi na tano yangesomwa Ijumaa, katika hafla ya Matazamio ya Kikosi, nami nikapewa kazi ya kumfahamisha Orrin kwa lugha ya matumaini.

Nilimkuta akikaza skrubu za benchi. Nikamwambia. Akaendelea kukaza.

"Sawa," akasema. Halafu, akihamia skrubu nyingine: "Mama usimwambie wewe. Nitamwambia mimi, akishafunga mkahawa."

Hakupata kumwambia. Mchana huohuo Kocha Rusk alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Great Prairie, chuo kikubwa chenye uwanja mkubwa kuliko mji wetu. Na kanuni ni kwamba kocha akiondoka, lango hufunguliwa upya kwa wachezaji wake. Vijana wote kumi na watano wakamfuata. Saba kati yao walikuwa hawajafika Harlan Fork bado. Hao walihama kabla ya kuhamia. Mmoja alitupigia simu kuuliza tuko jimbo gani, ili ajue ameondoka wapi.

Nilirekebisha taarifa ya Matazamio ya Kikosi. Ikawa fupi na inayosomeka vizuri.

Mkurugenzi hakuonekana kuumia, na jioni tukajua sababu. Great Prairie walikuwa wamevutiwa na Kurugenzi ya Uaminifu wa Kudumu, wakataka kumchukua mwanzilishi wake akawaanzishie ya kwao. Mshahara sitautaja, wangu usije ukasikia. Mkuu wa chuo chao, Daktari Ingrid Haverkamp, alikuwa na sharti moja tu: azungumze na mchezaji mmoja aliyedumu mikononi mwa Bwana Voss.

Mchezaji mmoja. Kwa bahati njema tulikuwa naye kamili.

Jamani, hamjawahi kuona kabati likirudishwa mbio vile. Orrin akafanywa nahodha. Jina lake likashonwa kwenye jezi kwa uzi, tena uzi maradufu. Lakini Loretta, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshasikia yote, alikataa ahadi za ofisini.

"Njoo uiseme mkahawani," alimwambia Mkurugenzi. "Saa ya chakula, watu wakiwa wamejaa. Useme kwa sauti."

Basi Ijumaa, badala ya hafla, Bwana Voss alisimama kati ya meza, mbele ya wazee wote wa mji na sandwichi zao za nyama ya nguruwe zinazomwagika nje ya sahani. Akatangaza kwamba Orrin Teague atacheza mwaka wake wa nne, na Usiku wa Wakongwe utafanyika, hata akiwa mkongwe peke yake.

"Na maua?" Loretta akauliza.

"Na maua."

"Ya kweli, si ya plastiki?"

"Ya kweli, mama."

Simu ikalia palepale. Ikawekwa juu ya kaunta, kando ya chupa ya tomato, sauti ikiwa wazi, maana Mkurugenzi alitaka mji usikie akisifiwa.

"Bwana Teague," ilisema sauti ya Daktari Haverkamp, "Bwana Voss alikusaidia vipi kubaki?"

"Alinijaribu, mama," Orrin akajibu.

"Alikujaribu?"

"Aliniita ofisini wiki nzima akinibembeleza niondoke. Akanipa ubalozi wa Dakota Kaskazini. Akahamisha kabati langu. Mwisho akaniambia sitacheza. Niliumia, sikufichi. Halafu leo kanirudishia vyote mbele za watu, ndipo nikaelewa. Mtu hawezi kufungua Kurugenzi ya Uaminifu kisha akamfukuza mwaminifu mmoja aliyenaye. Si atakuwa hana akili? Alikuwa ananipima."

Bwana Voss alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, ila haikujulikana kama ni ndiyo au hapana.

"Inavutia," Daktari Haverkamp akasema taratibu. "Na unaonaje, sisi tukimchukua?"

Orrin akacheka, kicheko kizuri cha mtu anayetaniwa. "Yeye? Aondoke Harlan Fork? Aa, mama. Kumbe na nyinyi mnampima!"

Daktari Haverkamp ni mtendaji mwenye uzoefu. Hakufika alipo kwa kukubali kwamba amefanya jambo bila sababu ya maana.

"Bila shaka," akasema. "Tulikuwa tunampima."

"Amefaulu?"

"Kwa kishindo. Bwana Voss, hongera sana. Mtu kama wewe hachukuliki." Akakata.

Wazee wakainuka, wakampigia makofi. Mmoja akagonga sufuria. Nilimtazama Orrin usoni nione kama kuna lolote; alikuwa akikata kipande cha pai, uso mtulivu kama maji ya mtungi. Mama yake aligeukia tanuri, mabega yakimcheza kama ya mtu anayezuia kicheko.

Msimu ulikwenda kadiri ulivyoweza. Tulimchezesha Orrin pamoja na vijana wa mabweni, na mmoja wao mpiga tarumbeta, tukashinda mara kadhaa, mara moja kwa sababu basi la wageni lilikwama kwenye theluji. Usiku wa Wakongwe uwanja ulijaa hadi watu wakakaa ngazini. Loretta aliingia na gauni la buluu, limembana na limempendeza, ameshika mkono wa mwanawe aliyeinama ili aushike vizuri. Alipewa maua. Hakulia. Alitazama huku na huku, taratibu, kama mtu anayehesabu waliokuja harusini.

Kisha umati, bila kuagizwa na Kurugenzi, ukamgeukia Bwana Voss. "Ha-on-do-ki! Ha-on-do-ki!" Loretta akachomoa ua moja, akavuka uwanja, akamchomeka kwenye koti, akampapasa shavu kama mtoto.

Mkurugenzi wetu alilia mbele ya uwanja mzima. Taarifa rasmi, niliyoiandika kwa mkono wangu, inasema yalikuwa machozi ya furaha.